Zabron na Simu ya Baba Mkwe

Ukitaka kumjua Zabron, mwangalie anavyotembea akitoka kazini. Alikuwa fundi wa maji Lushoto tangu enzi za kufunga koki kwa spana, na mwendo wake ulikuwa wa mtu mwenye spana begani. Lakini soko huria lilipokomaa na simu za mkononi zikaanza kushika hadi milimani, mradi wao wa maji ukaletewa kompyuta ya kufungua na kufunga koki kuu bila mtu kulowa. Zabron akapewa kiti cha kuzunguka mbele ya kompyuta hiyo, na mwendo ukabadilika. Akaanza kutembea kama mkaguzi.

Serikali, ambayo kwa miaka ilikuwa haipatikani kila bomba lilipopasuka, safari hii ilipatikana. Iliwalipia mafundi wa maji na umeme mafunzo kule Tanga, pamoja na nauli, chakula na posho, wafundishwe kuilinda mitambo dhidi ya wezi wanaopitia kwenye nyaya. Mkufunzi wao, Bwana Idrisa wa Muheza, aliwaambia jambo moja kila asubuhi: mwizi wa siku hizi havunji mlango, anakupigia simu kwa sauti ya mtu unayemheshimu, anakuomba neno lako la siri, nawe unampa. Akaongeza kwamba kila mmoja atajaribiwa akisharudi kwao, siku asiyoijua. Atakayelitoa neno lake, kiti chake atapewa mwingine.

Hapo ndipo Zabron alipoharibika. Alirudi Lushoto akimshuku kila mtu. Meneja alimuuliza habari za Tanga, akajibiwa kwamba ni nzuri kwa kiasi kinachoruhusiwa. Marta, mkewe, alimuuliza anawaza nini, akaambiwa hilo ni la ofisi. Hata kanisani alisali amefumba jicho moja. Tusimcheke sana. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kupanda hadi kwenye chanzo cha maji, na kile kiti alikipenda kwa moyo wote.

Basi mchana mmoja simu ikalia. Alikuwa Mzee Fanueli, baba yake Marta, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Kwai. Zabron akasimama wima na kuvua kofia, kama alivyofanya kila aliposikia sauti hiyo kwa miaka yote ya ndoa yake. Akatoa shikamoo. Mzee akaitikia, kisha akaeleza kwa upole kwamba ng'ombe wana kiu, na kwamba pale nyumbani yupo fundi anayeweza kumfungulia maji, ila anahitaji neno la siri la mkwewe.

Hakuwahi kumnyima mzee huyo kitu. Lakini sauti ilikuwa ile ile, upole ule ule, na Bwana Idrisa alisema itakuwa hivyo hasa. Akatafuta swali ambalo mwizi wa mbali hawezi kulijibu.

"Kama kweli wewe ni baba mkwe," akasema, "nitajie jina la mama mkwe."

Anayezijua adabu za milimani anajua alichokifanya. Jina hilo mkwe wa kiume halitamki wala haliulizi, sembuse kumuuliza mwenye mke. Simu ikakatwa papo hapo.

Jioni Marta akapata salamu kutoka Kwai, naye akaacha kuzungumza na mumewe. Ndipo Zabron alipoelewa kwamba aliyempigia alikuwa mzee mwenyewe. Jumamosi akapanda Kwai na beberu mnono, akapiga magoti mlangoni, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka.

Mzee Fanueli akaipokea kamba, akaenda kumfunga beberu nyuma ya nyumba, akarudi taratibu na kuketi. Akamweleza kwamba siku ile Bwana Idrisa alikuwa ameketi hapo hapo kwenye kigoda, na ndiye aliyemwomba apige. Wengi waliojaribiwa walishindwa. Zabron alikuwa amefaulu, na kiti ni chake.

Zabron akainuka kwa furaha, machozi yakimlenga, lakini macho yenyewe yakakimbilia kule alikofungwa beberu.

"Mbuzi anabaki," mzee akasema. "Serikali ilikuuliza, ukaijibu vizuri. Lakini sikio lililosikia swali lako ni langu. Kaa chini, nikufundishe na mimi."

Zabron akakaa, na mara hii hakuuliza swali lolote.