Chaki ya Kalenda

Kaka yangu alikuwa fundi seremala, lakini maisha yake yote hakuwahi kumtengenezea mtu kitanda wala kabati. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kubomolewa. Alipiga mbao zikawa kama sanduku lisilo na kifuniko, wenzake wakamwaga zege ndani, na zege likishakomaa mbao zilivuliwa zikapelekwa kwingine. Mama alimtania kwamba yeye ndiye seremala pekee asiyeweza kumwonyesha mgeni kazi ya mikono yake.

"Mama," alimjibu, "ukiona ukuta umenyooka, ujue mbao zangu zilinyooka kwanza. Ukuta ni picha tu."

Baba alipofariki kaka alikuwa na miaka kumi na saba. Aliacha shule wiki ileile, na nyundo yake ndiyo iliyonifikisha mimi kidato cha nne. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue nina deni gani kwa mtu ninayeandika habari zake. Mwenyezi Mungu ampumzishe.

Walipoamua kujenga uwanja mpya wa michezo mahali pa ule wa zamani, walianza watu wa vipimo na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakafuata wachoraji, na mwaka mzima ukapita bila hata tofali moja kuwekwa. Watu mtaani walisema pesa zimeliwa. Kaka alituambia tusiwe na haraka. Jioni moja alipanga vitabu vya nyimbo mezani, kimoja juu ya kingine, kama ngazi, akaweka vifuniko vya chupa kuwa watazamaji.

"Kila aliyekaa lazima auone mpira juu ya kichwa cha aliye mbele yake," alisema. "Ndiyo maana ngazi za chini ni fupi na za juu ni ndefu. Wahandisi wamepiga hesabu mwaka mzima kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja."

Mama akauliza, "Na huyo wa mbele akivaa kofia?"

Kaka alicheka mpaka akajifuta macho. "Hilo hawakulipigia hesabu, mama. Kesho nitawapelekea."

Ngazi hizo za watazamaji zilikuwa za zege, na zilikaa hewani, juu ya njia za kupitia watu. Zege bichi la namna hiyo linashikiliwa kwa chini na nguzo za chuma za muda. Kaka alisema nguzo zinakaa siku ishirini na moja. Ukiziondoa kabla ya hapo, ni sawa na kumwamsha mgonjwa aliyetoka kupasuliwa ukamtwika gunia.

Tarehe za kumwaga zege ziliandikwa kwenye daftari la ofisi ya mhandisi, lakini ofisi ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na mtu aliyebeba nyundo hapendi kupanda ngazi za ofisi. Kwa hiyo kaka alianza kuandika tarehe kwa chaki kwenye ubao wa pembeni, palepale zege lilipomwagwa, kwa tarakimu kubwa. Hakuna aliyemwagiza. Baada ya miezi michache wavuaji, yaani wale ambao kazi yao ni kuondoa nguzo na mbao, hawakwenda tena ofisini. Walisoma chaki, wakahesabu siku, wakaanza kugonga. Wakampa jina la Kalenda.

"Kalenda, mke wangu atajifungua lini?" mmoja alimuuliza wakati wa chakula.

"Muulize aliyemwaga zege," kaka akajibu.

Najua mzaha huo haufai kuandikwa na mtu wa kwaya, lakini nikiuacha nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kitambaa. Mbao zilezile hutumika mara nyingi, na kila zinapovuliwa hubaki na tarehe ya zamani. Kaka alitembea na kitambaa kibichi mfukoni, na kabla ubao haujafungwa mahali papya aliufuta. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, na vitambaa hivyo nilimkatia mimi kutoka kwenye mabaki ya kaptula. Alifuta akiwa anaongea na watu, kama mwenye duka anavyopangusa meza. Watu waliiona chaki. Kitambaa hawakukiona. Naye hakuwahi kuwaambia, kwa sababu hakudhani kuna mtu asiyejua kwamba kilichopitwa hufutwa.

Kisha ikatangazwa kwamba uwanja utafunguliwa miezi miwili kabla ya siku iliyopangwa, maana kuna mashindano yameletwa kwetu. Kazi ikawa siku saba kwa wiki. Kaka alimwomba msimamizi wake amwachie Jumapili, naye akamwachia. Jumapili tatu zikapita hivyo. Ya nne, alfajiri, msimamizi alipiga simu.

Nilikuwa napiga pasi shati lake la kanisani. Nilipogeuka, alikuwa amekaa kwenye kigoda anafunga kamba za buti.

"Unakwenda wapi na buti hizo?"

"Wanamwaga upande wa mashariki leo. Vijana watafunga mbao peke yao."

"Si wana mikono?"

"Mikono wanayo, mchungaji." Aliniita mchungaji tangu nilipoanza kuongoza sala za nyumbani. "Naenda mara moja, nawakagulia, ibada ikianza nimerudi."

"Na mara moja hiyo uliwahi kurudi lini?"

Akacheka. Mama aliyekuwa chumbani akasema, "Mwache mwenzako aende." Mimi sikumwacha. Nilimwambia kwamba uwanja ule umeshachukua magoti yake na mgongo wake, sasa unataka na siku ya Mungu, na kwamba siku akifa hatazikwa na msimamizi.

"Zege halijui Jumapili," alisema.

"Wewe unajua."

Alikaa kidogo, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Kisha akaivua ile moja, akaziweka zote mbili nyuma ya mlango, akanyoosha mkono nimpe shati. Kanisani aliimba vizuri. Nilimtazama nikamshukuru Mungu kwa kunipa ushindi.

Jumatatu walimpeleka upande wa magharibi. Jioni alituambia, "Kule mashariki wamemwaga, lakini sijaandika kitu. Zege nisiloliona siliandikii tarehe. Wakitaka kuvua wataniuliza." Alidhani vijana wametumia mbao mpya zilizoshushwa Ijumaa, na pembeni hakuona lolote, kwa sababu magunia yaliyoloweshwa yanayowekwa ili zege lisikauke upesi yalikuwa yameningʼinia mpaka chini. Kumbe walikuwa wamechukua mbao za zamani. Nyuma ya magunia kulikuwa na tarehe, kwa chaki na mwandiko wa kaka yangu, iliyopitwa na mwezi mzima.

Siku ya tisa, Jumanne saa nne asubuhi, nguzo zilihitajika kwingine. Wavuaji wanne wakaenda mashariki. Wakainua magunia, wakasoma, wakahesabu. Mmoja wao alisema, "Kalenda keshasema, twende."

Kaka alikuwa ng'ambo anapiga msumari. Aliposikia milio ya chuma kutoka upande ule aliuliza kunafanyika nini, na alipojibiwa alitupa nyundo akakimbia kukatiza katikati ya uwanja, mahali nyasi zitakapopandwa. Mvuaji mmoja aliyenusurika amenihadithia mara mbili, na mara zote mbili alianza kwa kusema hajawahi kuona mtu wa umri ule akikimbia namna ile. Kaka aliingia chini. Aliupiga ubao kwa kiganja akasema, "Hii ni ya zamani, tokeni." Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayewahimiza watoto wasichelewe shule. Watatu wakatoka. Wa nne alikuwa mwisho kabisa, juu ya ngazi ya kupandia, masikio yamejaa mlio wa nyundo yake, na kaka akamfuata.

Waliwatoa wote wawili chini ya zege saa kumi jioni.

Huyo wa nne alikuwa mume wa mwanamke tunayekaa naye benchi moja kanisani. Yeye anaimba sauti ya pili, mimi ya kwanza. Tuliwazika siku moja, na makaburini alinishika mkono muda wote.

Wiki tatu baadaye kamati ya uchunguzi ilibandika taarifa yake ya kwanza kwenye geti la uwanja. Sentensi moja ilisema kwamba tarehe iliyoandikwa na fundi marehemu haikuwa sahihi. Jumapili iliyofuata yule mjane alipita benchi letu bila kutazama, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama aliona. Hakuuliza mpaka tulipofika nyumbani.

"Mwanangu aliandika uongo?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini imebandikwa?"

Tangu siku hiyo hakwenda kanisani. Alisema hawezi kusali huku macho ya watu yapo mgongoni mwake. Mtu aliyelea watoto kwa maombi, akaacha kuomba. Nikaona kwamba kaka yangu amekufa mara moja chini ya zege na mara ya pili getini, na ile ya pili naweza kuizuia.

Hospitali walinipa vitu vyake katika mfuko: chaki mbili zilizovunjika, penseli, na kitambaa. Kitambaa kilikuwa kigumu kwa unga wa chaki. Nilikwenda nacho mbele ya kamati. Walikuwa watu watano na mezani kulikuwa na chupa za maji.

"Hiki ni nini?" aliuliza mwenyekiti.

Nikamweleza. Alikigeuza kwa ncha ya kalamu. "Kwa hiyo kawaida alifuta."

"Kila ubao, mzee."

"Na Jumapili hiyo?"

"Hakuwepo. Angalieni kitabu cha getini."

"Kwa nini hakuwepo?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandalia jibu: alikuwa ibadani. Lilikuwa jibu la kweli, na kanisa zima lingelitolea ushahidi. Lakini kinywa changu kilisema, "Alitaka kuja. Alishavaa buti. Nilimzuia mimi."

Karani aliacha kuandika. Mwenyekiti alisema, si kwa ukali, "Hilo, dada, halituhusu."

Taarifa ya pili ilitoka baada ya mwezi. Ilisema tarehe iliyosomwa ilikuwa ya kazi ya awali, na kwamba fundi mhusika hakuwepo kazini siku ya kumwaga. Neno kanisa halikuandikwa. Nilimsomea mama mara tatu, akaniambia niikunje karatasi niiweke kwenye Biblia yake.

Mimi haikunitosha. Nilikwenda kwa mjane Jumamosi mchana. Chumba chake kilikuwa kimefagiliwa, viatu vya mumewe bado vimepangwa chini ya dirisha. Nilimwambia habari ya kitambaa, kisha nikamwambia habari ya buti. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo zilizokwishakunjwa.

"Kwa hiyo mlikuwa kanisani," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwepo."

"Ndiyo. Tuliimba wote."

Aliiweka nguo chini. Nilisikia jirani anachota maji nje.

"Unajua umenifanyia nini?" alisema. "Nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na alikuwa marehemu. Ilikuwa rahisi. Sikukutana naye sokoni. Sasa umeniletea mwingine, na huyu anaimba sauti ya kwanza."

Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema hilo neno nisilitumie nyumbani kwake, bado. Nikainuka. Nilipofika mlangoni akasema, "Kaka yako alimfuata mpaka mwisho. Wenzake waliniambia. Hilo nililijua hata wakati ule nawahama."

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Kesho nitarudi kukaa benchi lile, ili mama yako aje. Lakini usinisalimie. Mpaka nikusalimie mimi."

Mama alikuja. Nilimshika mkono mpaka benchini, akaketi kati yetu. Uwanja ulifunguliwa mwezi uliofuata, na Jumapili kama upepo unatoka upande huo tunasikia kelele za maelfu ya watu kabla ibada haijaisha, kila mmoja akiuona mpira juu ya kichwa cha aliye mbele yake. Wakati huo mjane huimba sauti ya pili na mimi ya kwanza. Imepita miezi minane. Bado hajanisalimia, nami nasubiri.