Nilimwambia mume wangu "mwakani" mpaka akasahau kwao

Nimekosa, wenzangu, wala sina wa kumsingizia. Mume wangu alitaka kurudi kwao Msambweni akiwa na akili zake timamu, na mimi ndiye niliyemzuia.

Tuliishi Ujerumani zaidi ya miaka thelathini. Yeye alikuwa mpishi wa hoteli Diani, akapata kazi kule, nami nikamfuata. Tukazeekea huko huko, wawili tu tangu binti yetu Rukia aolewe mbali, orofa ya tatu, na majirani wa kusalimiana kwenye ngazi basi.

Kila baridi ikianza aliniambia, "Mama Rukia, turudi nyumbani." Nami nilimjibu, "Mwakani, Inshallah." Jamani, hiyo Inshallah niliitumia vibaya! Sisi watu wa pwani tunajua kukataa kwa adabu. Mdomoni nilimtaja Mungu, moyoni nilikuwa nimeshakataa.

Sababu? Naona haya kuisema. Nilimwogopa wifi yangu. Nyumba tuliyojenga Msambweni imepakana na yake, na yeye ni mtu wa kufunua sufuria za wenzake. Kule ugenini nilikuwa na mlango wangu na ufunguo wangu, hakuna wa kuniuliza nimepika nini. Kwa jambo dogo hivyo!

Mume wangu alikuwa na sanduku la buluu chini ya kitanda, ndani kanzu mbili na vikoi vya safari. Mwaka mmoja nilivitoa nikaweka makoti ya baridi. Aliniona, akanisaidia kulifunga.

Kisha akaanza kusahau. Kwanza majina ya watu, halafu moto jikoni, yeye mpishi! Daktari aliniita kando akasema kama tuna kwetu, nimpeleke mapema, akakae na watu anaowajua tangu utotoni. Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Daktari amekukataza kusafiri." Nilimdanganya mgonjwa! Akasema, "Haya, mama, yeye ndiye anayejua." Ikapita miaka mitatu.

Mwaka huu nilishindwa kumwinua peke yangu, ndipo nikamleta. Wifi yule yule alitupokea kwa bada, ule ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa samaki. Akainama mbele yake, "Shikamoo kaka. Wanijua mimi?" Kaka mtu akampa mkono, akamsalimia Kijerumani, kwa heshima, kama alivyowasalimia wale majirani wa kwenye ngazi.

Wifi alilia. Hakunilaumu hata kidogo, na afadhali angenitukana. Sasa ndiye anayemlisha nikichoka, na sufuria zangu azifunue apendavyo.

Alasiri mume wangu huzunguka nyumba nzima akitafuta ngazi. Nyumba yenyewe haina ngazi! Akichoka huketi barazani, hatua chache kutoka mahali alipozaliwa, akaniuliza, "Mama Rukia, nyumbani tutarudi lini?"

Mwanzoni nilimweleza kuwa ndipo hapa. Alilia kama mtoto. Basi siku hizi namjibu, "Mwakani, Inshallah," naye hutulia.

Nimechoka, wenzangu. Ninyi mnaozeeka katika nchi za watu, mwenzako akikwambia twende nyumbani, usimpe jibu langu. Kama unamwogopa wifi, mwogope ukiwa huko huko kwake. Fungeni sanduku, mrudi mkiwa bado wawili.