Siku Niliyompita Fundi Ndaki

Siandiki haya ili nikutishe, wala sitaki unihurumie. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, nikiwa na akili zangu zote na bila kuonja hata tone la pombe. Ukitaka kuniita mwongo niite, wenzangu wameshaniita. Ila nisikilize kwanza.

Nauza dawa za mifugo hapa Bariadi. Dawa za kuogeshea ng'ombe, za minyoo, sindano, mambo hayo. Lakini mimi mwenyewe nina ugonjwa ambao dawa yake dukani kwangu haipo: napenda magari ya mwendo. Nilinunua Altezza iliyotumika, nyekundu, ya chini kabisa. Mama yangu alipoiona akasema kuwa na gari ya namna hii Simiyu ni kama kwenda kulima na viatu vya harusi. Hakukosea. Lami tunayo ya kwenda Lamadi na ya kwenda Maswa. Ukiiacha hiyo, mara nyingi ni changarawe na vumbi. Hata hivyo wenye ugonjwa kama wangu tulifika kumi na mmoja mjini, tukaunda chama. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana pale wanapooshea magari, na wenzetu Waislamu walitukuta hapo hapo. Tunayapanga magari pua nje, boneti wazi. Mmoja anawasha, wengine tunasikiliza mlio kama watu wanavyosikiliza kwaya. Mwenzetu akioa, bibi harusi tunambeba sisi. Mwenzetu akifiwa, tunakwenda msibani kwa msafara, taa zikiwaka mchana kweupe. Msafara ulikuwa na sheria moja tu: hakuna anayempita kiongozi. Akipunguza mwendo, nawe punguza. Akipotea njia, mnapotea wote.

Fundi Ndaki hakuwa na gari, alikuwa na baiskeli. Lakini bila yeye chama kisingekuwepo. Magari yetu mengine yalikuja na matatizo ambayo mafundi wa mjini waliyatazama wakakuna vichwa. Ndaki hakukuna kichwa. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Halafu anakuambia, "Plagi ya pili," au, "Hii inavuta hewa pembeni." Na ndivyo inavyokuwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu refu la maji moto ya rejeta, limepinda kama mundu. Huwezi kulisahau ukishaliona.

Aliugua tumbo siku tatu akafa. Tulimzika kwao, upande wa Lagangabilili, mwisho wa kiangazi. Nilimwona uso ndani ya jeneza kabla hawajafunika. Nilitupa udongo kwa mkono huu. Shija, mwenyekiti wetu, aliyechunga naye ng'ombe wakiwa watoto, alishikwa na watu wawili ili asiingie kaburini. Nakuambia haya ujue kwamba sikusimuliwa msiba. Nilikuwepo.

Sasa, kiangazi cha pili baada ya hapo, mwenzetu mmoja alioa Meatu. Tukaondoka asubuhi, magari yameachana mbali kwa ajili ya vumbi, mimi nikiwa wa mwisho. Tulipofika upande wa Lingeka gari yangu ikaanza kumisi. Inavuta, inakata, inavuta, inakata. Mwisho ikazima kabisa. Nikapiga simu, mtandao hakuna. Kulia na kushoto ni pamba imefunguka, nyeupe hadi mwisho wa macho. Jina la kijiji sikutajii, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Nilifungua boneti nikabaki naitazama injini kama mtu anayetazama barua ya Kichina. Hapo ndipo mtu akatoka ndani ya pamba.

Alikuwa amevaa suruali iliyokatika magotini na shati lisilo na vifungo. Miguu mitupu. Vumbi limemfunika hadi kope. Nilimsalimia, hakujibu. Hakunitazama hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye injini, akanionyesha kwa mkono niwashe. Niliwasha, ikawaka kwa shida, inatetemeka. Yule mtu akachukua jembe lake, ncha ya mpini akaiweka juu ya injini, upande wa pili akaulaza sikioni. Akafumba macho.

Nani mwingine anafanya vile?

Akaniinulia vidole vitatu. Nikazima. Akaichomoa koili ya tatu kwa mikono mitupu, injini ikiwa ya moto, akachuma pamba palepale shambani, akafuta, akapuliza, akarudisha. Alipokuwa akiikaza, mkono wa shati ukapanda. Kovu lilikuwa pale, refu, limepinda vilevile.

"Ndaki," nikasema.

Mikono yake ikasimama. Hakugeuka. Alikuwa kama mtu anayesikia ng'ombe wake wakilia mbali sana, hana uhakika kama ni wa kwake. Halafu machozi yakaanza kushuka kwenye lile vumbi, mistari miwili, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Alifungua mdomo. Ilitoka sauti, niamini, lakini haikuwa neno.

"Ng'wana wane!" mtu akaita kutoka shambani. Mwanangu.

Alikuwa bibi kizee, mgongo umeinama, kiroba cha pamba begani. Alikuja taratibu, akanisalimia, "Mwadila, mayu," nami nikamwitikia kwa sauti ambayo sikujua ni yangu.

"Huyu hasemi," akaniambia. "Alinijia mwaka juzi, mvua zilipoanza. Anatembea tu barabarani, miguu imevimba. Nikampa uji. Hajaondoka tena. Amekusaidia?"

"Amenisaidia, bibi."

"Basi vizuri. Watoto wangu wote wako mijini. Huyu ndiye Mungu aliyeniletea."

Yule mtu alikwishaokota jembe na kurudi ndani ya pamba. Niliwasha gari, ikanguruma kama ilivyokuwa enzi zake. Nikaondoka. Unaniuliza kwa nini sikumshika, sikumwingiza garini? Hata mimi najiuliza. Nadhani niliogopa kwamba nikimgusa nitakuta ni wa baridi.

Harusini nilikaa kama nusu saa. Kisha nikamvuta Shija pembeni nikamwambia kila kitu. Niliona ni haki yake. Na, nisikufiche, nilitaka mtu mwingine abebe pamoja nami.

Lazima ujue kwetu watu wanaamini nini. Wanasema mchawi anaweza kumchukua mtu, ninyi mkazika gogo la mgomba mkidhani ni maiti, kumbe mwenyewe yuko shambani kwa mchawi analima, amekatwa ulimi. Ndiye msukule. Na bibi kizee mwenye macho mekundu, wanasema, ndiye mchawi. Shija hakuniuliza kama nina uhakika. Aliniuliza jambo moja.

"Huyo bibi, macho yake yakoje?"

"Mekundu," nikasema.

Mungu anisamehe. Mama yangu amepika kwa kuni maisha yake yote, na macho yake ni mekundu. Yalikuwa mekundu ya moshi. Lakini nilijibu nilichoulizwa, na nikaona uso wa Shija ukikunjamana.

Saa kumi tukaondoka, magari manne, mimi kiongozi kwa sababu mimi ndiye niliyepajua. Moyo wangu ulikuwa na furaha. Nilijiona namrudisha Ndaki Bariadi, mke wake anatoka nje akipiga vigelegele. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta njiani, nikashuka kununua maji. Nikawaona vijana wawili wa chama wakipakia panga kwenye buti ya Shija, na dumu la petroli la lita ishirini.

"Hilo dumu la nini?" nikauliza. "Gari zote zina mafuta."

"La bibi," Shija akasema, bila hata kupandisha sauti. "Dada, wewe tuonyeshe nyumba tu. Nyumba ukishaionyesha unaweza kurudi."

Hawakuwa watu wabaya. Wawili kati yao walinibebea mama yangu hospitali usiku wa mvua. Shija anamsomesha mtoto wa Ndaki hadi leo. Na hao hao walikuwa wanakwenda kumchoma bibi kizee, na aliyewapeleka nilikuwa mimi.

Niliendesha. Nyuma yangu taa sita. Nikawaza kusimama nikatae, lakini wangeulizauliza wenyewe, vijiji si vingi, na gari nyekundu haisahauliki. Tukaukaribia mti wa mkwaju, alama niliyoishika asubuhi pale gari iliponizimikia. Jua lilikuwa bado lipo, la njano, na shamba lote linang'aa.

Alikuwa amesimama kando ya barabara.

Sikuota. Alisimama ukingoni kabisa, jembe begani, ameelekea tunakotoka, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anasikiliza injini zinavyokuja. Nilimkaribia. Aliinua mkono. Na safari hii aliniangalia, mimi, usoni, kama mtu anayejua ninaitwa nani.

Nikakanyaga mafuta.

Nilimpita karibu kiasi kwamba kioo cha pembeni kingeweza kumgusa shati. Nikatazama nyuma kwenye kioo. Gari ya Shija ikampita. Ya tatu ikampita. Ya nne. Watu saba walikuwa humo ndani, na hakuna shingo iliyogeuka. Shija, aliyekua naye, aliyetaka kuingia naye kaburini, alimpita kwa hatua moja akiwa anatazama mbele. Halafu vumbi likafunika.

Niliwaongoza hadi kiza kikaanza kuingia, kilomita nyingi, nikikata kulia, nikikata kushoto. Hakuna aliyenipita. Mwisho nikasimama nikashuka nikasema, "Nimepasahau. Mashamba yote yanafanana."

Shija alishuka akafunga mlango wa gari yake. "Hukupasahau," akasema.

Wiki ile waliniondoa kwenye chama. Shija alipeleka habari hadi kwa mjane, Mama Kabula, akitaka ruhusa ya kufukua kaburi ili waone kama ndani kuna mtu au gogo. Mama Kabula alikataa. Alimwambia, "Ukikuta gogo utaua mtu. Ukikuta mume wangu nitamlilia upya. Niache."

Mimi nilirudi kule baada ya wiki tatu, peke yangu, kwa pikipiki ya kukodi. Bibi alikuwa uani anachambua pamba. Alinikaribisha kigoda, akanipa maji. Nikaangalia huku na huku.

"Mwanao yuko wapi, bibi?"

Aliacha kuchambua. "Si mlimchukua? Siku ile magari yalipopita alikuwa barabarani. Vumbi lilipotulia hayupo. Nikasema, hewala, ndugu zake wamemfuata." Akanitazama kwa yale macho mekundu. "Hamkumchukua?"

Nilimwambia hatukumchukua. Hakulia. Aliinuka akaenda kusimama pale mlangoni, akatazama barabarani, akakaa vile mpaka nikaaga.

Wala hajaonekana tena, si kwa bibi, si Bariadi, si kwao Lagangabilili. Nimeuliza kwa namna ambayo haimtaji mtu.

Mwisho nilikwenda kwa Mama Kabula mwenyewe. Niliona siwezi kuendelea kumuuzia dawa za mbuzi wake huku nimefunga hili moyoni. Nilimweleza yote, pamoja na dumu, pamoja na kukanyaga mafuta. Nilijiandaa kwa matusi. Alinisikiliza huku akiwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa, halafu akauliza:

"Alikuwa na viatu?"

"Hapana," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Ndaki hakuwa mtu wa kutembea pekupeku. Nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto." Akakiweka kikombe chini. "Yule bibi alikuwa anampa chakula?"

"Nadhani alikuwa anampa. Hakuwa amekonda."

"Basi ulifanya vizuri kutowaonyesha nyumba yake," akaniambia, akaondoka kwenda ndani, na nikamsikia analia huko kwa sauti ya chini, ili watoto wasisikie.

Sijui nilichokiona. Padri aliniambia ni majonzi. Mwingine aliniambia ni mtu aliyefanana tu, amepotewa na akili, na makovu ya rejeta wanayo mafundi wengi. Inawezekana. Lakini gari yangu haijamisi tena tangu siku ile, na fundi wa sasa aliyeitazama aliniuliza nani aliikaza ile koili, kwa sababu yeye hawezi kuilegeza. Bado naendesha. Nikiwa upande wa Meatu naendesha taratibu sana, na mtu yeyote anayetembea peku nasimama, hata kama ananishangaa.

Wewe unayenisikiliza, nakuonya, maana siku moja inaweza kukupata. Ukimwona mahali mtu uliyemzika, usikimbilie kusema aliko na yuko kwa nani. Maneno yako mawili yanatosha kumuua bibi wa watu. Kwanza tazama nyuma yako, uone umeongozana na nani na wamebeba nini. Ukikuta uko peke yako, basi simama, ushuke, umshike mkono hata kama ni wa baridi. Mimi sikuwa peke yangu.