Waya wa Pili wa Jikoni

Arvid Tollefsrud alikuwa na miaka sabini na mitatu siku aliyobandua ubao wa ukuta wa jikoni, kule chini ya kanisa la Kilutheri la Vesterdal, akakuta mwandiko wake mwenyewe.

Kazi haikuwa kubwa. Waumini walikuwa wanakarabati ukumbi wa chini kabla ya karamu ya mavuno: soketi mpya, na taa mpya badala ya zile ndefu za tyubu zilizokuwa zikivuma kama nyuki. Nani mwingine angeitwa? Arvid ndiye aliyeweka zile za kwanza, miaka ishirini na miwili nyuma, kwa kujitolea, na hakuna aliyewahi kumshika na kosa. Yeye mwenyewe alipenda kulisema hilo, pengine kupita kiasi.

Sasa nyuma ya ubao palikuwa na waya umeviringwa vizuri, ncha zimefungwa tepu, na juu ya tepu, kwa wino mzito: JIKONI, WA PILI. Haukuunganishwa na kitu.

Akakaa juu ya ndoo ya rangi. Ikamrudia yote. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake msimu wa samaki unafunguliwa. Mashua ilishafungwa nyuma ya gari. Basi akaziunga soketi zote za jikoni na taa za ukumbi kwenye waya mmoja, ingawa mzigo ule ulitaka nyaya mbili, akajiambia, Jumatatu nitarudi niunge wa pili. Akapigilia ubao ili vumbi lisiingie. Jumatatu ziwa lilikuwa limetulia, na hakurudi.

"Umeona panya huko?" aliuliza Lyle, jirani yake, aliyekuwa juu ya ngazi akifungua taa.

"Hakuna kitu."

"Umekaa kama mtu aliyeona panya."

Hakuona panya; mawazoni alimwona Verna Haugland, aliyekuwa mpika kahawa wa kanisa siku zile. Mwaka ule ule, kwenye kahawa waliyoandaliwa wafiwa ukumbini humo baada ya maziko, Verna alichomeka mabirika makubwa mawili ya umeme kwa pamoja, ili iwatoshe wote. Ukumbi mzima ukawa giza, wafiwa wameshika vikombe. Arvid akasimama akasema, watu wote wakisikia, "Bi Verna, mtu asiyejua kupima umeme atatuchomea kanisa." Watu walicheka, kwa haya lakini walicheka. Tangu hapo Verna akahamishiwa kukunja vitambaa vya meza, na popote taa ilipopepesa kijijini, iwe benki au kwa kinyozi, lazima mtu aseme, "Verna anapika kahawa."

Mlango wa ngazi ukafunguka. Alikuwa Verna mwenyewe, na mikate ya nyama na chupa ya kahawa. Tangu siku ile, kahawa yoyote aliyoleta kanisani aliipika kwake.

"Kuleni, wazee, kabla mikate haijakauka."

Lyle akazima swichi kuu ili ashike nyaya. Taa zikafa. "Haya, Bi Verna kashaingia," akasema. "Nani kampa plagi?"

Verna alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyezoea kuchomwa na kisu kile kile. Arvid akawasha tochi akaumulika waya.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi. Huu ulikuwa wa birika la pili. Sikuuunga. Nilikwenda kuvua samaki."

Lyle alishuka ngazi polepole, akasoma ile tepu, kisha akaanza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

"Miaka ishirini na miwili," Verna alisema.

"Ndiyo."

"Hata nyumbani sijawasha pasi na birika pamoja, Arvid. Mume wangu alinicheka mpaka anaingia kaburini. Nilidhani mikono yangu ina kitu."

Verna alimmiminia kahawa. Arvid akakiweka kikombe sakafuni.

"Utalisema kwenye karamu?" akauliza Verna.

"Nitalisema."

"Kwa sauti. Ukisifiwa unasikika mpaka barabarani, ukikosea unasemea kooni."

Jioni ya karamu alisimama kati ya sahani za nyama na mikate laini ya viazi, akaeleza yote, hata samaki. Watu waliangalia sahani zao, kama walivyo watu wa huko. Hakuna aliyecheka, na hilo alilisikia vibaya kuliko kicheko, maana siku ile ya Verna walicheka.

Baadaye alipita mlango wa jikoni. Verna alikuwa ameshachomeka birika la kwanza. Plagi ya pili alikuwa ameishika, haijafika kwenye soketi, macho ameyaelekeza juu kwenye taa. Arvid akajua kwamba waya wa pili alikuwa ameuunga kwa saa moja tu, ila mkono ule wa Verna hana namna ya kuuunga. Akataka kusema, haina neno, chomeka. Lakini haikuwa haki yake tena kumwambia.

Verna akafumba macho, akachomeka. Taa hazikupepesa. Bado alikaa muda mrefu kabla hajayafumbua.