Mnara wa Sukari wa Fundi Allal

Kuna miji ambako chai ni kinywaji tu: mtu humimina, hunywa, huenda zake. Katika mji mkongwe wa Fes chai ina mwenyewe. Kila nyumba ina mtu mmoja ambaye sinia huwekwa mbele yake bila kuulizana. Yeye ndiye huvunja sukari kwa nyundo ndogo ya shaba, hushindilia nanaa birikani, humimina bilauri ya kwanza na kuirudisha, humimina tena, huonja, hukunja uso, huongeza sukari, huonja tena. Wengine wote husubiri. Nyumbani kwa Fundi Allal mtu huyo alikuwa Allal mwenyewe, na kabla yake babake.

Kazi yake ilikuwa kukata vigae. Aliketi chini karakanani, miguu ameikunja, akitoa nyota za pembe nane kwenye vigae vya kijani na buluu kwa nyundo yenye makali. Mwaka ule nyota zake zilianza kutoka zimevunjika pembe. Wenzake walizisukuma kando bila kusema neno, na kule kunyamaza kwao ndiko kulikomchoma zaidi. Daktari wa zahanati, binti wa umri wa kuwa mwanawe, alimweleza bila kuzunguka: kisukari kimefika machoni. Dawa peke yake haitafua dafu. Akiendelea na chai yake ile, itafika siku ataipapasa nyundo asiione.

"Binti yangu," Allal akasema, "chai bila sukari ni maji ya kuoshea masufuria."

"Basi baba, yanywe hayohayo."

Hakuyanywa. Alimwahidi mkewe, Ghita, kwamba ataacha baada ya Maulidi. Maulidi yakapita, akasema baada ya harusi ya mpwa wake, maana huwezi kuwapa watu harusini chai ya wagonjwa. Harusi ikapita. Akasema basi, hanywi tena, anaonja tu. Lakini alikuwa na namna yake ya kuonja: kabla mgeni hajashika bilauri, Allal alikuwa amekwisha kunywa tatu.

Ghita alificha sukari, naye akanunua nyingine. Ikawa hivyo hadi siku ile Ghita alipoinua mkoba wa vifaa vya mumewe ili afagie, akasikia kitu kinagongana ndani. Akakuta soksi iliyofungwa fundo, imejaa vipande vyeupe.

"Allal, hiki nini?"

"Chokaa."

Ghita akatia kipande ulimini. "Mashallah. Chokaa yako tamu."

"Niache, bibi wee. Nimekunywa hivi tangu sijaota meno."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Sawa. Lakini mimi sitakaa hapa kukutazama ukijipofusha kwa mkono wako. Siku utakapoyataka macho yako, nitafute kwa kaka yangu."

Akavaa joho lake, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa Thami, kakake, aliyekaa ng'ambo ya mto.

Adhuhuri ile Allal alijitengenezea chai kama alivyotaka, na sukari akaitia bila kumwogopa mtu. Akamimina, akaonja, na kwa mazoea akauliza, "Imekolea?"

Hakuna aliyejibu. Akabaki ameshika bilauri, mbele yake mto wa kukalia ambao Ghita alikuwa ameupiga kiraka mwenyewe. Akaona haya, kama mtu aliyetoa salamu kwa ukuta.

Alivumilia siku chache kwa ubishi mtupu. Halafu asubuhi moja alinyoa ndevu, akavaa kanzu ya Ijumaa, akafanya kile ambacho kila mwanamume wa Fes aliyekosa hukifanya, kama babake na babu yake walivyofanya. Mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Huchukua mnara wa sukari, lile pande zima jeupe lililochongoka juu, kwenye karatasi yake ya buluu. Allal alichagua mkubwa kuliko yote dukani.

Vichochoroni watu walimpisha kwa vicheko.

"Fundi, unakwenda kuposa?" kinyozi akapaza sauti.

"Naenda kumposa mke wangu."

"Akikukataa je?"

"Nitakuja uninyoe na nyusi."

Ghita mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Akamtazama usoni, kisha akatazama kilichokuwa kifuani pake, amekikumbatia kama mtoto mchanga.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba radhi, Lalla Ghita, bibi yangu."

"Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya suk…"

 Akainamisha macho, akaiona ile karatasi ya buluu kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempakatisha. Ghita akajiziba mdomo kwa kitambaa. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akaegemea mlango, na alipofuta machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Thami akatokea nyuma yake.

"Shemeji, mtu akiumwa na nyoka wewe utampelekea nyoka mwingine?"

"Kawaida ni kawaida," Allal akanung'unika.

"Ingia, ingia, kichwa cha punda wee," Ghita akasema.

Ndani, Thami alipokwenda kuagiza sinia, Allal alikaa ukingoni mwa kiti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Ghita, mimi si mkaidi tu. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Baba. Walimwachisha sukari, na kabla zeituni hazijavunwa akawa amekufa. Niliona kwa macho yangu. Nikiacha, nitamfuata."

Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka. Ghita akamsogelea.

"Babako aliacha akiwa amekwisha kukatwa mguu, Allal. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vitambaa. Hakufa kwa kuacha. Alikawia kuacha."

 Sinia likaja, na kwa heshima ya fundi wa chai likawekwa mbele ya Allal. Mnara wa sukari ulikuwa pembeni, bado umo ndani ya karatasi. Akasuuza majani ya chai, akashindilia nanaa, akamimina, akarudisha, akamimina tena. Mkono ukaenda wenyewe kuitafuta nyundo ya shaba, ukasimama hewani, ukarudi pajani. Akaonja.

"Yarabi," akasema, macho ameyafumba. "Shubiri."

Hakujua afanye nini. Maisha yake yote aliijua chai kwa utamu, sasa alikuwa kama mtu aliyeamkia nyumba asiyoijua. Akaisukuma bilauri ile ya kwanza, ambayo katika ndoa yao yote hakuwahi kumpa mtu, mbele ya mkewe.

"Mimi siijui hii. Onja wewe."

Ghita akaipokea kwa mikono miwili. Akanywa taratibu, akafikiri.

"Nanaa imezidi."

"Haijazidi."

"Imezidi, Allal."

"Mwanamke huyu! Bilauri ya kwanza tu, tayari amekuwa fundi." Lakini alikwisha kufunua birika, anapunguza nanaa kwa ncha za vidole, huku ameusogeza uso karibu kabisa ili aone. Akamimina tena, akampa.

"Na sasa?"