Siku Sarafu ya Korea Ilipopanda Ukweni

Msinicheke bado, ngojeni nimalize, maana aibu hii niliibeba peke yangu kutoka Wundanyi mpaka Voi na mpaka leo sijapata pa kuitua.

Mimi natengeneza simu hapa Voi, karibu na steji, na kuna mtalii mmoja Mkorea alitoka kuangalia ndovu Tsavo simu yake imekufa na picha zote ndani, nikaifufua, akafurahi mpaka akanipa sarafu ya zamani ya kwao, ya enzi za wafalme, nyeusi kwa uzee, na tundu la mraba katikati. Nikaingia mtandaoni. Jameni, kumbe kuna watu wanazikusanya, na zile adimu bei yake inapanda kila kukicha, basi na mimi (mtu wa kubadilisha vioo vya simu) nikaanza kujiita mkusanyaji, na mkusanyo wenyewe ni sarafu moja.

Ikafika siku ya kwenda kwa kina Wakesho, mchumba wangu, kule Wundanyi, kujitambulisha. Sina shamba, sina ng'ombe, nilichokuwa nacho ni kumpenda Wakesho tu, na babake ni mzee wa kanisa asiyecheka ovyo, nikaona tukishakula nitamwonyesha sarafu ajue binti yake haendi kwa maskini. Mfuko wa suruali ulikuwa umetoboka, kuiacha nyumbani naogopa wezi, nikaitia kamba nyeusi ya kiatu nikaivaa shingoni, ndani ya shati. Ni hilo tu nililofanya.

Shangazi yake Wakesho akaja na jagi kuninawisha mikono tule kimanga (mhogo na maharagwe ya kupondwa, ambayo siku hiyo niliyaona kwa macho tu), nikainama, sarafu ikachomoka ikagonga karai ikalia kama kengele. Shangazi akarudi nyuma na jagi lake. Hapo ndipo nilikumbuka kwamba kwa watu wa maombi, kitu cheusi kwa kamba nyeusi shingoni ni hirizi, hakina jina lingine.

"Kijana," mzee akauliza polepole, "hiyo umeitoa wapi?"

Nikasema kwa Mkorea. Na kwa vile mdomo wangu haunaga breki, nikaongeza, "Baba, usiione hivi. Hii inapanda."

(Nilimaanisha bei. Lakini neno bei lilibaki kooni, na katika nyumba ile kinachopanda ni pepo, na kinapanda kichwani kwa mtu.)

"Inapanda saa ngapi?"

"Sana sana usiku," nikajibu, maana kule Korea kunapokucha na minada kuanza, huku bado giza. "Mimi hukaa macho nikiingojea."

"Na ikishuka?"

"Ikishuka, baba, nalia."

Shangazi akaweka jagi chini, akanishika kichwa akaanza kukemea, majirani wakaja kumsaidia, na kila nikipiga kelele "ni bei, ni bei" wao wakashangilia kwamba pepo limetaja jina lake. Wakesho, ambaye alijua kila kitu, alikuwa mlangoni amejifunika leso usoni, mabega yanatikisika. Nilidhani analia.

Mwisho mzee akainua mkono, shangazi akaniachia kichwa. "Ukiitupa chooni, wewe ni mwanangu. Ukiivaa tena, njia ya Voi unaijua."

Nilimwangalia Wakesho, nikaiangalia sarafu, nikaenda nikaitupa mwenyewe. Roho iliniuma, siwadanganyi. Sikusikia hata ikifika chini.

Tulioana, namshukuru Mungu, ila kila kukiwa na mkutano wa injili naitwa jukwaani kushuhudia nilivyofunguliwa pepo Bei la kutoka Korea, nami nasimama, kwa sababu baba mkwe amekaa mbele. Nimeapa shingoni mwangu hakitaingia kitu tena, hata tai, na nyanya zikipanda sokoni mimi husema zimeongezeka.

Lakini kuna usiku najifunika blanketi na simu yangu, natafuta sarafu kama ile nione imefika wapi, na Wakesho, bila kufungua macho, ananiuliza, "Imepanda?"

"Imepanda."

"Basi lala, kabla sijamwita shangazi."