Mpiga Dramu wa Doonside

Mwezi uliopita nilialikwa khitma Doonside, huku Sydney, nikashuka kituoni nikiwa nimewahi mno. Badala ya kukaa kwenye benchi nikaamua kupita mtaa niliokulia. Ningejua, nisingepita. Nyumba yetu haipo, na ya jirani yetu haipo. Pale palipokuwa na nyumba mbili za mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya maziwa, sasa pana nyumba nne za ghorofa, za kijivu, zimebanana. Mlimau wa jirani umekatwa. Nilisimama pale na kibakuli changu cha kashata mpaka mama mmoja akafungua dirisha, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimepotea. Nikamwambia hapana. Lakini wewe nikwambie kweli, rafiki yangu: kidogo nilikuwa nimepotea.

Tulitoka Tanga nikiwa na miaka mitano. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate Lidcombe, mama alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kwa kuwa wote wawili walishinda kazini, nilipofika miaka tisa walimleta bibi, mama yake baba. Bibi alitua na masanduku mawili. Maafisa wa uwanja wa ndege walimnyang'anya samaki wake wote wakavu wa ng'onda, wakaigeuzageuza mbuzi yake ya kukunia nazi kama vile ni silaha, mwisho wakamwachia. Habari ya wale ng'onda aliisimulia mpaka anaingia kaburini. Naikumbuka asubuhi yake ya kwanza jikoni kwetu: harufu ya iliki, mafuta yakilia kwenye karai, na nje kasuku weupe wa nchi hii wakipigiana kelele juu ya nyaya za umeme. Bibi akachungulia dirishani, akasema, "Kumbe hata ndege wa huku wagomvi."

Ilipofika saa kumi jioni, ukuta ukaanza kutetemeka.

Jirani yetu alikuwa Mmarekani, mrefu, nywele za mvi kazifunga kisogoni, mikono imejaa makovu madogo ya bisibisi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kufulia. Mkewe, mzaliwa wa hapahapa, alifanya kazi na mama. Kila siku, akisharudi, jirani aliingia kwenye banda la gari akapiga dramu saa nzima, peke yake, bila gita wala mwimbaji. Sisi tulishazoea. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ametandika msala wa alasiri.

Alipotoa salamu ya kumaliza sala alinishika mkono, tukatoka mpaka kwenye ua wa mbao uliotenganisha nyumba zetu. Bibi hakujua Kiingereza hata neno moja. Mkalimani nilikuwa mimi, ambaye Kiswahili nilikielewa chote lakini kukijibu nilikuwa mvivu.

"Mwambie sikuja kumkataza," bibi alisema. "Mtu na ngoma yake. Namwomba anisubiri nimalize kusali, basi."

Jirani alisikiliza, akafuta jasho kwa shati. Akauliza, "Nitajuaje kama amemaliza?"

Tukakubaliana kwamba bibi akimaliza, mimi nitagonga ubao wa ua mara tatu. Nikawa nagonga kila siku baada ya shule, na mara tu nikigonga, dramu zinaanza. Siku nyingine bibi akikawia kwenye uradi wake, namsikia jirani akikohoa bandani, anasubiri. Kisha chakula kikaanza kuvuka ua. Mandazi, vitumbua, mbaazi za nazi. Sahani haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na malimau, au na mkate wa ndizi aliooka mkewe. Jirani alimwita bibi "Bibi" akidhani ndilo jina lake, na bibi hakuona sababu ya kumsahihisha.

Nilikuwa na miaka kumi na moja mwalimu wetu wa muziki alipoleta darasani santuri za zamani. Moja ilikuwa na picha ya vijana wanne wa Kimarekani, nywele mabegani, suruali za kubana, wameegemea gari bovu. Bendi ya roki ambayo ulimwengu mzima ulikuwa ukiisikiliza wakati mama zetu ni wasichana. Hata baba alijua wimbo wao mmoja, aliusikia kwenye redio ya kiwandani. Nikaitazama mikono ya yule kijana wa mwisho, nikaona makovu. Nikamwambia mwalimu, "Huyu anakaa karibu na sisi. Anatengeneza mashine za kufulia." Darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka, na mimi nikarudi nyumbani nikilia kwa hasira.

Nilipomuuliza mwenyewe, jirani hakucheka. Alikaa juu ya kreti la plastiki upande wake wa ua, ambako ubao mmoja ulikuwa umeng'oka, na bibi alikuwa upande wetu akichambua mchele kwenye ungo. Akasema, "Ndiyo. Ni mimi." Nadhani alikuwa amekaa muda mrefu bila kuulizwa, maana alisimulia jioni nzima, nami nikawa namfasiria bibi.

Walikuwa ndugu wawili, yeye na kaka yake aliyemtangulia miaka miwili, na rafiki zao wawili, katika mji mdogo wa viwanda vya magari. Mama yao aliwalea peke yake. Walijifunzia muziki chini ya nyumba, kwenye chumba cha kufulia, kaka akiimba na kupiga gita, yeye akipiga ndoo kabla hawajapata dramu. Mama akishuka na nguo chafu alikuwa akiwaambia, "Endeleeni, mimi sipo." Wakapiga kwenye dansi za shule, kisha kwenye mabaa, kisha santuri moja ikashika moto, wakajikuta viwanja vya mpira vinawajaa. Walizunguka dunia. Hapa Sydney walikuja mara mbili, na mara ya pili ndipo alipomjua mkewe.

"Halafu?" bibi aliuliza.

Halafu, alisema, siku moja, wakiwa ughaibuni, kabla tu ya kupanda jukwaani, kaka yake alipigiwa simu. Mama yao amefariki. Kaka akaficha. Uwanja ulishajaa, watu wakiita majina yao. Wakapiga saa mbili. Jirani alisema hajawahi kupiga vizuri kama siku ile. Alikuwa na furaha, alikuwa akicheka. Waliposhuka ndipo kaka akamwambia.

"Saa mbili," jirani alisema. "Mama yangu amelala amekufa, mimi nacheka."

Aliziweka fimbo zake za dramu juu ya meza, akatoka. Walimzika mama yao wamesimama pande mbili za kaburi. Bendi ikavunjika. Akaja kwa yule mwanamke wa Sydney, na kwa miaka kumi na miwili hakusema na kaka yake hata neno moja.

Bibi aliacha kuchambua mchele. Akasema, "Muulize: na huyo kaka, yeye aliimba akijua?"

Hilo ndilo alilosema. Lakini mimi nilikuwa mtoto, nilitaka kuonekana nimeelewa zaidi ya nilivyoelewa. Nikageuka nikamwambia jirani kwa Kiingereza, "Bibi anasema kaka yako aliumia kuliko wewe."

Uso wake ulibadilika. Akasimama, akalisukuma kreti kwa mguu, akaingia ndani. Hakusema kwaheri.

Kesho yake niligonga ubao mara tatu. Kimya. Keshokutwa, kimya. Sahani yetu ya mandazi haikurudi. Mama alisema kule kazini mke wa jirani naye amekuwa mkimya. Wiki ikapita hivyo, bibi akishinda amekunja uso, akijilaumu. "Nimemuudhi mtu wa watu. Nimeuliza la msiba wake kama nauliza bei ya nyanya." Nilikuwa nikimsikia akimuomba Mungu msamaha kwenye dua, kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Siku ya nane sikuweza tena. Nilimkuta anakuna nazi, nikamwambia yote, nikilia mpaka kwikwi.

Nilidhani atanichapa. Alijipangusa mikono, akanivuta mbele yake. "Neno la mtu ni amana," alisema. "Ukipewa ulifikishe, lifikishe kama ulivyopewa, hata kama hulielewi. Haya, lirudie." Akanifanya nimwambie swali lile kwa Kiswahili mara tatu, nne, kisha kwa Kiingereza. Kisha akanituma peke yangu.

Jirani alifungua mlango akiwa hajanyoa. Nikasema kwa pumzi moja: nilikosea, bibi hakusema vile, bibi aliuliza tu, huyo kaka, yeye aliimba akijua?

Alinitazama muda mrefu. Akakaa pale pale mlangoni, chini, miguu nje, akafunika macho kwa kiganja.

"Miaka kumi na miwili," alisema, "na sijawahi kuliuliza hilo."

Aliyempigia kaka simu alikuwa mke wa jirani, mama aliniambia baadaye. Jirani alikataa kuishika, kisha akaishika.

Kaka mtu alikuja baada ya miezi miwili, Jumapili, na teksi kutoka uwanja wa ndege. Nilikuwa nimekaa kibarazani tangu asubuhi nikimsubiri yule jitu la kwenye picha. Akashuka mzee mfupi mwenye upara na koti zito, katika joto la Sydney la mwezi wa pili. Jirani alisimama kwenye njia ya gari, mikono imening'inia. Hawakukumbatiana.

"Umezeeka," jirani alisema.

"Na wewe."

Basi. Wakaingia bandani. Tukasikia vitu vikisogezwa, kisha kimya kirefu sana, bibi kasimama jikoni na mwiko mkononi, hapumui. Kisha gita, dogodogo, la kuvunjikavunjika. Kisha dramu, polepole. Mke wa jirani alikuja mbiombio kwetu akamshika mama, wakalia wote wawili.

Bibi alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka tangu asubuhi, kwa mgeni ambaye hakumwalika yeye. Tuliwapelekea, tukala pamoja chini ya mlimau, na kaka mtu akala kwa mkono alipoona sisi tunakula kwa mkono. Walipomaliza, bibi alinigusa bega. Safari hii nilifasiri neno kwa neno.

"Pole kwa mama yako," bibi alimwambia. "Ulifanyaje ukaweza kuimba?"

Yule mzee alizungusha kikombe cha chai mezani. Akajibu akimtazama bibi, lakini maneno hayakuwa ya bibi. "Sikugeuka. Mpiga dramu anakaa nyuma ya mwimbaji. Saa mbili zote sikugeuka nyuma hata mara moja. Ningemwona anavyocheka, ningeanguka. Nilitaka apate hizo saa mbili za mwisho kabla hajawa yatima. Nilikosea. Lakini ndicho nilichotaka."

Jirani aliweka kijiko chini. "Nilikuona hugeuki," alisema. "Nikafikiri ni maringo."

Akanyoosha mkono juu ya meza, juu ya miba ya samaki na maganda ya malimau, akamshika kaka yake kisogoni, akamvuta mpaka paji la uso likagusa paji la uso. Bibi akainuka, akaniambia nikusanye sahani, watu wana mambo yao.

Mengine labda uliyasikia, kama una umri wangu. Bendi ilirudi, wote wanne, wakazunguka tena miji yao. Walipofika Sydney tulipewa tiketi za mbele kabisa. Bibi alikwenda na baibui lake na pamba masikioni, mchana wa kiangazi, katikati ya watu wenye fulana nyeusi na michoro mikononi, waliompisha kama malkia. Nilimwona yule mwimbaji akiugeuzia uwanja mzima mgongo na kumwimbia mpiga dramu wimbo wote. Watu walipiga vigelegele. Sijui walifikiri nini.

Baada ya hapo jirani na mkewe walihamia Marekani, kwenye ule mji wa viwanda. Bibi naye hakukaa sana. Tulimzika Lidcombe, na wazee wa Mombasa na Unguja walitoka kila pembe ya jiji kuja kumsalia. Baba na mama wamerudi Tanga. Mimi ninaishi Parramatta, ghorofa ya saba, kuta nzito, madirisha ya vioo viwili. Hakuna sauti inayopita. Jirani yangu wa kushoto tunasalimiana kwenye lifti kwa kichwa, mwaka wa sita huu, na sijui ana nini moyoni wala yeye hajui nina nini. Wanangu husikia Kiswahili changu wakanijibu kwa Kiingereza, na sijawahi kumpa hata mmoja wao neno la mtu alipeleke kwa mtu mwingine. Kazi ile imekwisha. Watu wanaandikiana.

Kaka mtu alipofariki, jirani alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mzee kabisa. Alianza kwa kuniomba nimpe bibi habari, na ikabidi nimwambie kwamba bibi alishatangulia.

"Tulipata miaka tisa," alisema. "Mke wa kaka ananiambia tungeweza kupata ishirini na moja kama tusingekuwa wajinga."

Nikamuuliza kama safari hii alijulishwa mapema.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimemshika mkono."